Kisu Kiwe na Kazi, Kiwe na Ala

Matini ya mazungumzo na wazee, wafanyabiashara na vijana wa Arua na Koboko



Nimeombwa nizungumze juu ya kitu kidogo ambacho karibu kila mmoja wetu anacho, nacho ni kisu. Ninakusudia hasa kisu cha asili kilichofuliwa na mhunzi wetu, pamoja na kile cha kukunja kinachokaa mfukoni. Wako wanaokibeba kila siku kwa sababu ya kazi. Wako wanaokibeba kwa sababu baba zao walikibeba. Na wako wanaovikusanya visu vya kale, kimoja baada ya kingine, kama wengine wakusanyavyo sarafu au stempu. Makundi yote matatu hutufikia na maswali yaleyale. Je, ni kosa kutembea na kisu? Kwa nini askari amekichukua kisu cha mwanangu, ilhali cha jirani kimeachwa? Na kisu alichoniachia babu, nikifanyeje?

Jibu langu nitalitoa mapema, kisha nilieleze. Kumiliki kisu si kosa. Kosa huzaliwa pale kisu kinapotoka nyumbani bila kazi, kikaingia kati ya watu ili kuwatisha au kuwadhuru. Basi kisu cha kazi kiende kazini ndani ya ala yake, na kisu cha urithi kikae nyumbani mahali pake. Tukilishika hili, sisi polisi na ninyi wananchi hatutagombana juu ya kisu.

Kisu katika nchi yetu

Katika West Nile hakuna nyumba isiyo na kisu. Mama hukimenyea muhogo, mkulima wa tumbaku hukikatia majani, mfugaji hukikatia kamba, na mrina asali huenda nacho mzingani. Mchinjaji hukinoa vyema kabla ya Idi ya kuchinja, tena hukinoa kando, mnyama asione, kama dini ilivyofundisha. Mtu anayeamka alfajiri kwenda shambani na kisu kiunoni hakuna amshangaaye, na askari mwenye busara hamsumbui.

Wapo pia waliotufulia visu hivyo. Waalur na Walugbara wanawakumbuka Waokebo, ambao Walugbara huwaita Ndu, waliokuwa mafundi wa chuma wa majirani zao. Jembe, mkuki, mshale na kisu vilitoka mikononi mwao, na mtu asiyejua kufua alilazimika kuishi kwa amani na mhunzi wake. Siku hizi mhunzi hayeyushi mawe. Hununua springi kuukuu ya lori, huipasha moto kwa mivukuto, huigonga juu ya fuawe mpaka ipate umbo, huizima, kisha huinoa. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha kuufanya ukingo wake uwe mgumu, na ndiyo sababu kisu cha mhunzi wetu hushika makali kuliko vingi vya bei rahisi vinavyotoka madukani.

Majirani zetu nao wana sifa kubwa katika jambo hili. Mwaka 1870 mtafiti Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Mfalme Munza wa Wamangbetu, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mashariki mwa Kongo, na michoro aliyoichapisha mwaka 1875 iliwaonyesha watu wa Ulaya ustadi wa wahunzi wa huko, ambao visu vyao vilipinda kama mundu. Wazande walikuwa na visu vya kurusha vyenye ncha kadhaa. Katika Sudan watu wengi walifunga kisu kifupi kwa mkanda wa ngozi juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Ndugu zetu Wanubi, ambao wazee wao wengi walikuwa askari wa Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, wakati makao yake yalipokuwa Wadelai kando ya Nile, walitoka katika nchi zenye desturi hizo.

Visu hivyo ni vikongwe kuliko mipaka yetu. Eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 likaingia Sudan. Mwaka 1914 likahamishiwa Uganda, na Arua ikafanywa makao ya serikali chini ya A. E. Weatherhead. Hivyo, katika muda wa miaka mitano tu, nchi hii ilipita katika mikono mitatu, na Wakakwa wakajikuta leo katika mataifa matatu: Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Mhunzi, mnunuzi na mrithi wa kisu kimoja wanaweza kuwa wa ukoo mmoja na wa nchi tatu. Jambo hili nitalirudia tukifika kwenye habari ya mpaka.

Nimeyasema haya ili ieleweke kwamba polisi hawakidharau kisu cha asili. Katiba yetu ya 1995 inampa kila mtu haki ya kushika na kuendeleza utamaduni wake. Hakuna mzee atakayeambiwa na askari anayejua kazi yake kwamba urithi wake ni uhalifu.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Uganda haikatazi mtu kuwa na kisu. Inachokataza ni kutembea hadharani na silaha, bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Inakataza kutishia kudhuru, inakataza kupigana hadharani, na inaadhibu vikali kujeruhi. Aidha, mtu akiiba kwa nguvu huku ana chombo cha kuchoma au kukata, wizi huo huhesabiwa kuwa wa kutumia silaha ya kuua, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Sheria haiulizi kama kisu kilikuwa kirefu au kifupi, cha mhunzi wa Koboko au cha kiwanda cha ng'ambo.

Kwa hiyo askari anapokutana na mtu mwenye kisu hupima mambo matatu: kazi, mahali na namna. Kazi ni hiki: kisu hiki kinafanya shughuli gani leo? Mahali ni hapa: je, tuko shambani, machinjioni na njiani kuelekea huko, au tuko kwenye dansi, baa, uwanja wa mpira na mkutano wa siasa? Na namna ni hivi: kisu kiko ndani ya ala au kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya kikapu, au kiko wazi mkononi, au kimefichwa ndani ya soksi?

Chukueni mfano. Watu wawili wana visu vya aina moja, vilivyotoka kwa mhunzi mmoja. Wa kwanza amesimamishwa saa moja asubuhi akielekea kuchinja mbuzi. Kisu kimo ndani ya ala, kwenye mfuko mmoja na noleo na kamba. Wa pili amekutwa saa tano usiku mlangoni pa ukumbi wa muziki, kisu kimefichwa kiunoni chini ya shati. Wa kwanza ataambiwa, "Nenda salama, mzee." Wa pili ataulizwa maswali, na huenda akalala kituoni. Hapa ndipo penye jibu la yule mzazi aliyeuliza kwa nini kisu cha mwanawe kilichukuliwa na cha jirani kikaachwa. Chuma ni kilekile. Hali ndizo zilizotofautiana.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Nchini Uingereza kisu kidogo cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi tatu, huruhusiwa mfukoni bila maelezo. Kikizidi hapo, mwenyewe lazima awe na sababu njema, na sheria inazitaja kazi, dini na vazi la taifa miongoni mwa sababu hizo. Nchini Oman, jambia limo katika bendera ya taifa, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa binadamu. Waomani hulivaa kiunoni kwa sherehe, likiwa ndani ya ala iliyopambwa, na heshima yake ni kubaki humo. Anayelichomoa katika ugomvi huleta aibu kwa nyumba yake.

Kisu cha woga

Sasa nizungumze na vijana, na niseme nanyi kwa uwazi. Mnatuambia: "Afande, mimi sina shamba njiani, wala sichinji. Nabeba kisu kwa sababu usiku ni usiku, na ninyi polisi ni wachache." Siwezi kulipuuza neno hilo. Njia za kwenda Oraba na Vurra ni ndefu, na hatuwezi kuwa na askari kwenye kila kona. Lakini nawaomba mpime pamoja nami kama kisu hicho kinawalinda.

Wanaokuja kupora bodaboda hawaji peke yao, na hawaji mikono mitupu. Kijana akichomoa kisu mbele ya watu watatu wenye panga, yule aliyetaka pikipiki tu sasa anataka kujiokoa, naye atakata kwanza. Usiku wa namna hiyo, kwa bahati njema, huja mara chache. Ila kisu kinabebwa kila siku. Kinabebwa hadi kwenye ugomvi wa nauli, kwenye maneno ya dansini, kwenye mzaha uliovuka mpaka kati ya marafiki waliokunywa. Huko ndiko kisu cha woga hutumika zaidi, na anayekatwa mara nyingi ni mtu anayejulikana kwa jina: jirani, shemeji, mwenzake wa stendi. Ngumi humwachia mtu nafasi ya kujuta na kuomba radhi kesho yake. Kisu hakimwachii. Wahenga walisema hasira ni hasara. Kisu mfukoni huifikisha hasara hiyo kabla hasira haijapoa.

Mkitaka kuona jinsi ubebaji unavyoweza kuharibu jina la chombo chema, tazameni kisu cha Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake barani Afrika, nacho kikapewa jina la mnyama wa msitu wa Ituri, jirani zetu hapa Kongo. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha kukunja, rahisi, cha kukatia kamba, matunda na nyama. Lakini kwa kuwa vijana wa magenge katika miji ya huko walikibeba kwa ajili ya kuchomana, leo mfanyakazi mwaminifu akikutwa nacho hutazamwa kwa jicho la shaka. Hatutaki visu vya wahunzi wetu vifikie hali hiyo. Kila kijana anayekipeleka kisu cha Koboko kwenye dansi anamharibia soko mhunzi wa Koboko.

Wazee wetu wanakumbuka jambo kubwa zaidi. Nchi hii imepita vitani. Wengi wenu mlivuka kwenda Kongo na Sudan baada ya 1979, mkarudi kujenga upya. Desemba 2002 mkataba wa amani kati ya serikali na UNRF II ulitiwa saini huko Yumbe, na wanaume waliokuwa porini wakaweka bunduki chini. Waliokubali kuziweka silaha zile walijihatarisha sana, kwa sababu walimwamini jirani kabla hawajawa na hakika naye. Haitakuwa heshima kwao iwapo watoto wao watashindwa kukiacha kisu nyumbani Jumamosi usiku.

Basi kijana afanye nini? Vyama vya stendi viandike namba ya pikipiki na mahali abiria anapokwenda, hasa baada ya giza. Madereva warudi wawili wawili kutoka njia za mbali. Kila stendi iwe na namba ya simu ya kituo cha polisi kilicho karibu, na kila mtu azikumbuke namba za dharura 999 na 112, ambazo hupigwa bila malipo. Na pikipiki ikidaiwa kwa panga, itoeni. Pikipiki hununuliwa tena.

Ikiwa mtu amekwisha kukatwa, nawasihi mkumbuke haya. Bonyezeni jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala msiachilie kila mara kutazama. Kisu kikiwa bado kimekwama mwilini, msikichomoe. Kifungeni hapo hapo kisitikisike, maana huenda ndicho kinachoizuia damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, mtu hufa kwa dakika chache, basi mkimbizeni hospitali mara moja. Fomu ya polisi ya majeruhi ifuate baadaye. Uhai hutangulia karatasi.

Askari akikusimamisha

Nimewaeleza tunayoyataka kwenu. Ni haki nanyi mjue mnayoweza kuyataka kwetu.

Askari anayekupekua awe na sababu ya msingi ya kukushuku. Kabila lako, nguo zako au lugha unayosema si sababu. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Ukikamatwa, Katiba inasema uambiwe mara moja sababu, kwa lugha unayoielewa. Kwa hiyo asiyejua Kiingereza ana haki ya kuelezwa kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili. Usiachwe mahabusu zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani. Dhamana ya polisi haiuzwi. Anayekuomba fedha ili akupe dhamana anavunja sheria, nawe mpeleke kwa mkubwa wake.

Nawe unaposimamishwa, usipeleke mkono mfukoni wala kiunoni. Mikono ionekane, kisha useme kwa sauti ya kawaida: "Afande, nina kisu cha kazi, kiko upande wa kulia ndani ya ala." Mwache askari akitoe mwenyewe. Sentensi hiyo moja imewaepusha watu wengi na balaa, kwa sababu kisu kilichotajwa hakimshtui mtu, bali kile kinachochomoka ghafla.

Kisu kikichukuliwa, omba kiandikwe kituoni pamoja na alama zake: urefu, mpini wa mti gani, ala ya rangi gani, ufa au nembo ya mhunzi. Ikiwa ni cha urithi, sema hivyo na uombe liandikwe pia. Kisu kilichoandikwa "kisu kimoja" hupotea kati ya visu vingine. Kilichoelezwa vizuri hutambulika siku kesi inapokwisha. Na mwenyekiti wa LC 1 anaweza kuja kuthibitisha kwamba huyu ni mchinjaji au mkulima wa kijiji chake. Ushahidi wake una uzito.

Kwenye mpaka

Nilisema kwamba visu vyetu ni vikongwe kuliko mipaka. Hata hivyo, anayevuka Oraba kwenda Kaya, au Vurra kuelekea Aru, huiacha sheria moja na kuingia katika nyingine hata kama bado yuko kwa wajomba zake. Maelezo yanayotosha kwa askari wa Koboko huenda yasitoshe ng'ambo, ambako nchi zimepitia vita vya karibuni na walinzi wana wasiwasi zaidi. Siku ya soko la Ariwara, mfanyabiashara asiyehitaji kisu huko akiache nyumbani. Anayekihitaji kwa kazi akifunge ndani ya mzigo, akitaje kabla hajaulizwa. Anayepeleka visu vingi kwa biashara apite forodhani na karatasi zake, asipite njia za panya. Mzigo wa visu ishirini uliofichwa chini ya magunia ya ufuta hauonekani kama biashara hata ukiwa biashara. Na kwa anayesafiri kwa ndege kutoka Arua, kisu kisiwe kwenye mkoba wa mkononi. Kitachukuliwa, na abiria hatakuwa na muda wa kujitetea.

Visu vya urithi na wanaovikusanya

Sasa nije kwa wale wanaovipenda visu vya kale. Kazi yenu ni njema, na tungependa iendelee. Visu vingi vya Sudan Kusini na vya Wazande viko leo katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, na mtoto wa Koboko akitaka kuviona hana budi kuvitazama kwa picha. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu 39 vya kale katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, baada ya kuwa Uingereza kwa zaidi ya karne moja. Ikiwa kuvirudisha kumechukua muda huo, basi ni afadhali kuvitunza vilivyobaki visiondoke.

Navyo vinaondoka. Mnunuzi hufika kijijini na fedha taslimu wakati wa ada za shule, mzee akauza kisu cha babu yake kwa bei ya kuku wawili. Kabla ya kuuza, kaeni na ukoo. Jueni pia kwamba sheria zetu za makumbusho na mambo ya kale zinalinda vitu vya kihistoria, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mnunuzi anayekataa kutaja jina lake, au anayetaka kuvusha mzigo usiku, muulizieni kwa mwenyekiti na kwetu.

Kuna hatari nyingine ambayo wakusanyaji wengi hawaifikirii. Baadhi ya visu vya zamani, hasa vya Kongo, vina mipini ya pembe za ndovu. Na baadhi ya ala zimeshonwa kwa ngozi ya mamba au chui. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku tangu 1990, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 ina adhabu nzito sana kwa anayekutwa na sehemu za wanyama wanaolindwa bila kibali. Sheria hiyo haisamehi kwa sababu tu kisu ni kizuri. Mwenye kisu cha namna hiyo asikiuze, asikivushe mpaka, wala asikitupe. Aende kwa mamlaka ya wanyamapori, akitangaze kwa hiari yake na kueleza kilivyomfikia.

Kwa vilivyobaki, utunzaji wake ni rahisi. Usikinoe kisu cha kale ili king'ae. Rangi ile ya giza juu ya chuma ndiyo umri wake, na ikisagwa hairudi. Pangusa vumbi, paka mafuta mepesi ya mashine kidogo sana, ukifunge kwa kitambaa kikavu. Usikiache ndani ya ala ya ngozi kwa miezi mingi, kwa maana ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Viweke karibu, kila kimoja peke yake. Kabati liwe na kufuli, na ufunguo uwe mbali na watoto.

Muhimu kupita hayo ni daftari. Andika kila kisu kilitoka kwa nani, nani alikifua, kilifanya kazi gani, kiliitwaje kwa lugha ya mwenyewe, na siku gani kilikufikia. Piga picha pande zote mbili. Daftari hilo lina faida mbili. Kwa ukoo ni historia: mhunzi akifa bila kuandikwa, kisu chake hubaki chuma tu. Kwa polisi ni ushahidi: kisu kikiibwa tutajua tunatafuta nini, na mkusanyaji mwenye visu kumi nyumbani hataonekana kama mtu anayejiandaa kwa fujo.

Tunayoweza kukubaliana

Wazee wangu, yapo mambo ambayo sheria haiwezi kuyafanya ila ninyi. Mzee wa ukoo anaweza kusema kabla ya matanga au harusi kwamba visu vya wageni vitawekwa kwa mama mwenye jiko hadi watu watawanyike, na akasikilizwa kuliko askari mwenye pingu. Mwenye ukumbi wa muziki anaweza kuweka sheria hiyo mlangoni. Mhunzi anaweza kukataa kumuuzia kisu mtu anayekuja amefura kwa hasira, na asiuze kisu bila ala. Baba anayempa mwanawe kisu cha kwanza anaweza kumpa pamoja na kazi ya kufanya, akamfundisha kukipokeza kwa mpini ukielekea kwa mwenzake. Na mtu akimsikia kijana akisema, "Leo nitamwonyesha fulani," asingoje kuona. Atuite mapema, ambapo bado ni maneno.

Sisi kwa upande wetu tutaendelea kuwafundisha askari wetu, hasa wale wanaohamishiwa huku kutoka mbali, kwamba kisu kiunoni mwa mkulima wa Kakwa asubuhi si dalili ya uhalifu. Na anayependa kutuonyesha visu vya ukoo wake asije navyo kituoni wala mkutanoni. Alete picha na daftari. Kisha tutaomba ruhusa yake, twende nyumbani kwake, tukae chini ya mwembe wake, atusimulie.

Sasa uwanja ni wenu: anayetaka kuuliza aulize, na tuanze na wazee.